Wenye Mikasi Katika Bwawa la Mjomba

Njia ya Lusangi, Kabambare
21 Januari 2024

Mama Esther-Divine,

Jambo sana, na jambo kwa dada Victorine, mama yako aliyekuzaa. Usicheke nikikuita Mama. Siku ulipozaliwa ulipewa jina la mama yangu, na tangu siku ile mimi ni mutoto wako, hata kama ndevu ziko kwangu.

Huku tuko wazima. Mbuzi amezaa mapacha, mumoja mweusi, mumoja kama amepakwa unga. Jirani Asani anakusalimia. Mke wake iko na mimba tena, na Asani anatembea kijijini polepole kama ndiye anayeibeba. Usishangae kuona karatasi. Simu yangu ilianguka ndani ya bwawa kabla ya Noeli, na nilipoitoa ilikuwa na matope mpaka ndani ya kioo. Kwa hiyo barua inakuja na Heri, yule wa pikipiki anayepita hapa kati ya Salamabila na Kasongo. Anasema hasomaka barua ya watu.

Sasa neno lenyewe. Unajua bwawa la samaki nililochimba bondeni, pale marehemu mama yangu alipokuwa analima mpunga. Unajua pia kwa nini nililichimba. Mzee Gédéon, baba yake Pascaline, aliniambia wazi: "Binti yangu sitamutoa kwa mutu wa mashimo ya zahabu. Salamabila inakula watu. Nionyeshe kazi inayokaa mahali pamoja." Nikaacha mashimo, nikachimba bwawa. Mwaka jana yeye mwenyewe alifurahi, akanipa bidoni nzima, dumu la plastiki limejaa vitoto vya tilapia kutoka bwawa lake, kama baraka. Mwezi wa sita, mvua ikiisha, familia yao inakuja kuona bwawa na kula kilichomo. Wakishiba, watasema ndiyo. Wasiposhiba, sijui.

Basi ndani ya bwawa kuna kitu. Si samaki, si kaa wa mtoni. Kirefu kama kiganja changu, rangi ya chai isiyo na maziwa, miguu mingi ambayo sikuweza kuihesabu kwa sababu hakitulii, na mbele mikono miwili kama mikasi ya fundi wa nguo. Kikiogopa kinarudi nyuma kwa mukia, haraka, kama mutu aliyesahau kitu nyumbani. Kinatoboa kingo. Watu wameshakipa jina, mwenye mikasi, na sasa wenye mikasi wako wengi kuliko sisi. Samaki wanapungua kila juma. Asani anasema ni nge wa maji. Mimi sisemi kitu.

Wewe unasoma. Tafuta kwenye vitabu vya masista. Ninakutumia ganda nililookota ukingoni, tupu, bila mwenyewe ndani. Usiniulize wenyewe wametoka wapi.

Mutoto wako mwenye ndevu,
Mjomba Magloire


Kasongo
11 Februari 2024

Mpendwa Mjomba Magloire,

Jambo sana. Tumefurahi juu ya mapacha. Mama anauliza kama yule wa unga ni dume. Sisi hatuna ugonjwa. Mama bado anauza mchele sokoni. Asubuhi mgongo unamsumbua, jioni anausahau. Mimi sasa niko mwaka wa tatu wa humanités, sekondari ya juu, option Biochimie. Ninakaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, mahali pazuri kwa kusoma.

Ganda lilifika limevunjika mkono mmoja. Heri alisema lilivunjika lenyewe. Nililipeleka maktaba ya masista ndani ya kikopo cha maziwa ya unga, nikangoja wengine wote watoke ndipo nikalifungua, ili nisiulizwe maswali.

Mjomba, si nge. Ni ndugu mkubwa wa wale kamba wadogo wanaouzwa wakavu sokoni. Kwa Kifaransa anaitwa écrevisse. Na ganda ulilookota si la maiti. Mnyama huyu hukua kwa kuvua nguo: ganda likimbana, hutoka ndani yake, na kwa siku chache mwili wake huwa laini na hujificha. Maana yake ni kwamba mwenye ganda hilo bado yuko bwawani kwako, na sasa ni mkubwa zaidi. Nisamehe kwa habari hiyo.

Kitabu ni cha zamani na kinazungumza juu ya mito ya Ulaya, kwa hiyo sijui kama wa kwako ni wa ukoo huo huo. Lakini kinasema hula kila kitu: majani, mayai ya samaki, vitoto vya samaki, hata wenzake. Jike hubeba mayai chini ya mkia, mengi sana, kama kifuko cha pilipili manga. Nje ya maji hafi upesi ikiwa kuna unyevu, na usiku wa mvua huweza kutembea kwenye nyasi. Kwa hiyo nakuomba kwa magoti: usimtupe hata mmoja kijitoni, na usimpe mtu yeyote akiwa hai. Kijito chako kinaingia mtoni, na mto unaingia Lualaba, na huko hakuna ukingo wa kumzuia.

Dawa ambayo kitabu kinataja ni mtego na sufuria. Ndiyo, watu wanamla. Kuna picha ya sahani nyeupe, na watu wazima waliofungwa vitambaa shingoni kama watoto wachanga.

Nina swali moja. Mnyama huyu hakuzaliwa huku, na hawezi kutembea kutoka nchi nyingine mpaka bondeni kwako. Uliniambia nisiulize. Nimeheshimu kwa ukurasa mzima. Ametoka wapi?

Wako,
Esther-Divine

(Pembeni, kwa kalamu nyekundu na mwandiko mwingine:) Ganda lilivunjika lenyewe kweli. Na mimi sisomaka barua ya watu. Heri.


Njia ya Lusangi
10 Machi 2024

Mama Esther,

Jambo. Barua yako ilikawia kwa sababu daraja lilikwenda na maji, na Heri akakaa ng'ambo mpaka watu walipoweka miti. Mwambie dada kwamba yule wa unga ni dume. Barua nilimsomea Asani kwa sauti. Pale kwenye kuvua nguo aliniomba nishushe sauti, mke wake anasikia.

Mtego nimejaribu. Nilisuka mgono, ule mgono wa fito alionifundisha baba, wenye mulango mwembamba: kuingia ni rahisi, kutoka unachomwa na ncha. Nikaweka muhogo ndani. Asubuhi muhogo hakuna, kamba za mgono zimekatwa, na mwenye mikasi mumoja amekaa juu yake, kwa nje, kama askari wa barrière ya barabarani anayengoja watu. Nikafunga upya kwa waya wa gurudumu la zamani la Heri, na badala ya muhogo nikaweka matumbo ya kuku yaliyoanza kunuka. Asubuhi sikuweza kuuinua kwa mukono mumoja.

Nikawapa bata. Bata mkubwa alishikwa mudomo, akazunguka uwanja wote na mwenye mikasi akining'inia, na tangu siku hiyo bata wangu wote wanalala kwa Asani.

Halafu nikavuta wavu kuangalia samaki waliobaki. Hesabu sitakuandikia. Mzee Gédéon angeshiba, wengine wangemuangalia.

Kuhusu kuwala: Mama, mimi nimekula panya wa pori, kumbikumbi, viwavi, na siku moja huko Salamabila nimekula kitu ambacho mpishi alikataa kukitaja. Lakini kitu kinachoniangalia kwa macho yaliyokaa juu ya vijiti, hapana.

Neno lingine. Siku ile ya mwezi wa sita, nani atakaa upande wetu, kwenye kiti cha mama? Dada Victorine hawezi pikipiki kwa mgongo ule. Jina unalo wewe. Utakaa tu, utasalimia, utapokea maneno yao. Heri atakuleta. Nijibu juu ya hilo.

Na juu ya swali lako, ametoka wapi: huku mvua inanyesha sana.

Magloire


Kasongo
24 Machi 2024

Mpendwa Mjomba,

Jambo kwako na kwa bata, pole yao. Mama amekwisha kumpa yule dume jina la Mkurugenzi, anasema akikua muje naye Kasongo amuone.

Nimenakili namna ya kumpika ilivyo kitabuni: siagi, maziwa mazito, na divai nyeupe. Nilimsomea Mama. Akauliza, "Divai ya nini? Wanamzika?" Kisha akafunga kitabu na kuniambia niandike ya kwake, naye hajawahi hata kumuona mnyama.

Kwanza uwaweke katika beseni ya maji safi tangu jioni mpaka kesho yake, ili watoe matope ya tumboni. Beseni ifunikwe, na juu ya kifuniko jiwe. Maji ya chumvi yachemke kabisa ndipo uwatie. Wakibadilika kuwa wekundu, watoe. Kwenye mgongo wa mkia kuna uzi mweusi. Huo ni utumbo, uuvute. Halafu Mama anasema mawese, kitunguu, pilipili, na majani ya lumba-lumba, mengi, kwa sababu kitu usichokijua kinapaswa kunukia kitu unachokijua.

Jaribu mmoja tu, Mjomba. Funga macho.

Nimefikiri sana juu ya mvua yenu. Nadhani nimejua mnyama alifikaje, na nadhani nimejua kwa nini huwezi kusema. Vitoto vya samaki na vitoto vya mnyama huyu vikiwa pamoja katika maji ya matope, ndani ya chombo chenye mdomo mdogo, nani angeviona? Hata mtu mwenye moyo mwema asingeviona. Siandiki zaidi kwa sababu ya kalamu nyekundu.

Kesho kuna interro, mtihani mdogo, ya fizikia. Nisamehe kwa kufupisha.

Esther-Divine

(Kwa kalamu nyekundu:) Chombo gani?


Njia ya Lusangi
21 Aprili 2024

Mama Esther,

Hukujibu juu ya kiti. Nimeona. Hata hivyo jambo sana, na dada ajue kwamba Mkurugenzi amekula nusu ya shati langu la kanisa.

Tumekula. Nilifanya vyote, beseni, jiwe, maji ya chumvi, lumba-lumba. Walipogeuka wekundu Asani alirudi nyuma hatua moja, akasema ni aibu inawashika. Tukakaa, sahani katikati.

"Anza wewe," Asani alisema.

"Wewe ndiye mugeni. Mugeni anaanza."

"Mimi niko na watoto wane, na wa tano yuko njiani. Wewe hata mke huna. Ukifa, hasara ni ya bata."

Nilifunga macho kama ulivyosema. Si kwa sala, ni kwa sababu yeye alikuwa ameyafungua ya kwake. Nikapinda mukia, nikavuta, nikala. Mama, ni kitamu. Ni kama samaki aliyelelewa kwa mahindi mabichi. Nilikula wa pili kabla ya kumwambia Asani chochote, na hapo akajua. Tulimaliza sahani. Mwishoni alisema tu, "Iko ingine?"

Kwa hiyo nimekata shauri. Familia ya Pascaline nitawapikia hawa. Bwawa limezaa hiki, basi hiki ndicho chakula cha bwawa. Kukificha itakuwa kuanza ndoa kwa uongo, na kusema kilivyofika itakuwa kumutukana mutu. Kukipika naona ni katikati.

Shida ni moja. Unajua desturi. Siku ile mukwe hali chakula, anasimama na kuhudumia. Na mama mukwe, yeye na mimi hatuonani tukila maisha yote, kwa hiyo nitafunga kitenge kama pazia na yeye atakaa nyuma yake. Sasa mimi peke yangu ndiye ninayejua kufungua huyu mududu, na mimi peke yangu ndiye nisiyeweza kuonyesha. Asani ameahidi kukaa na wageni na kula wa kwanza. Lakini Asani si damu. Ungekuwa wewe kwenye kiti cha Mama, ukivunja mumoja taratibu mbele yao, wangesema: ikiwa mama wa nyumba anakula, ni chakula.

Fikiri.

Magloire


Kasongo
12 Mei 2024

Mpendwa Mjomba,

Jambo sana. Pole kwa shati. Nimefurahi kwamba ni kitamu. Nilikuwa na hofu, kwa sababu mimi mwenyewe sijawahi kumuonja.

Mwalimu wa biolojia alitupa kazi ya kuchagua mnyama mmoja, nikamchagua wako. Niliandika kurasa nane. Juma lililopita akaniita mbele nisome. Nilisimama mbele, karatasi zimekunjwa mkononi, mpaka kengele ikalia.

Nimekuchorea namna ya kumfungua, picha nne, ili uwape wageni. Ya kwanza, shika kichwa kwa mkono mmoja na mkia kwa mwingine. Ya pili, pinda na kuvuta. Ya tatu, bana ganda la mkia pande mbili mpaka lilie. Ya nne ni uzi mweusi. Kidole kwenye picha ya tatu kimetoka kinene, lakini wataelewa.

Kuhusu mwezi wa sita: hapa jua ni kali sana.

Esther-Divine


Njia ya Lusangi
2 Juni 2024

Mama,

Jambo. Nimesikia habari za jua lenu. Sikukasirika. Mutu asiposema, ninaweza kungoja. Wewe pia uliningojea na mvua yangu.

Wanakuja Jumamosi. Kitenge kiko tayari, ni kile cha Mama cha maua ya bluu. Kiti chake kitakuwa wazi, sitaweka mutu mwingine. Chumvi imekwisha dukani na niliyo nayo ni kidogo. Heri ameniuliza kama anishikie nafasi ya kurudi Salamabila Jumatatu, ikiwa watakataa, maana mashimoni wanatafuta watu. Nimemwambia angoje mpaka Jumapili.

Magloire


Njia ya Lusangi
9 Juni 2024

Mama Esther,

Jambo, jambo, na jambo kwa dada. Ninaandika upesi kabla sijasahau hata neno.

Walikuja Mzee Gédéon na kofia yake ya kanisa, Mama Léocadie mke wake, Pascaline, mdogo wa Mzee anayeitwa Zéphirin, na katoto ka kike ka kutumwa. Asubuhi ile ile mke wa Asani alishikwa na uchungu, Asani akakimbia naye kituo cha afya, na mulaji wangu wa kwanza akawa amekwenda. (Ni msichana. Wazima wote wawili.)

Mzee alitaka kuona bwawa kwanza. Akazunguka ukingo wote, mikono mgongoni. Akaona mashimo. Kwenye maji machache ya pembeni akaona mwenye mikasi mumoja, mikono juu, tayari kwa vita. Mzee akamuangalia. Yeye akamuangalia Mzee. Mimi nikasimama nikingoja kusikia nimeharibu nini. Mzee akainua uso, akaangalia mawingu ambayo hayakuwepo.

"Mwaka huu mvua imekwisha mapema," alisema.

"Ndiyo, Baba. Mapema kabisa."

Tukarudi nyumbani.

Nyuma ya kitenge walikaa Mama Léocadie na Pascaline, mbele wanaume, na kiti cha Mama kando yao, wazi. Niliweka bugali, wali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wawili mbele ya Mzee, na katikati sinia ya wenye mikasi, wekundu, mawese yanang'aa. Sahani nyingine ikapita nyuma ya pazia.

Hakuna mukono uliotembea. Zéphirin aliinama akanusa.

"Hii ni ya kula, ao ni ya kupamba meza?"

"Ni ya kula, Baba."

"Wewe umekula?"

"Nimekula."

"Basi tuonyeshe."

Mzee akamgeukia. "Unataka kijana huyu ale mbele ya mama wa binti? Akili yako iko wapi?"

Nikatoa picha zako mfukoni. Zilikuwa zimelowa jasho, mukia umekuwa kama kichwa. Mzee akazigeuza juu chini, akazirudisha kwa heshima. Kisha akavuta beseni na kuanza kunawa mikono tena, kama mutu aliyemaliza kula, na alikuwa hajaanza. Niliangalia kile kiti. Nikaona Salamabila mbele yangu, shimo, kamba, na maji ya kahawia mpaka kiunoni.

Halafu nyuma ya kitenge ikasikika: kra.

Halafu kra ingine, na sauti ya mutu anayenyonya kichwa mpaka mwisho. Halafu kra, kra, kra, haraka, bila kusimama. Aliyejifunza leo havunji hivyo. Sisi wanaume wote tulikaa tukisikiliza maua ya bluu.

Katoto kakatoka na sahani. Maganda upande mumoja, vichwa upande mwingine, safi kama vimeoshwa. Kakasema, macho chini: "Mama anasema chumvi haitoshi. Anasema wawili hukutoa uzi wa mgongoni. Na anauliza kama wako wengine."

"Léocadie," Mzee akaita.

"Niko."

"Umejifunzia wapi?"

"Nyumbani kwako."

"Nyumbani kwangu hakuna vitu hivi."

"Kila asubuhi unavitoa bwawani na ndoo, unavitupa nyuma ya migomba ili mutu asione. Mutu ameona."

"Nilivitupa."

"Na mimi niliviokota. Ile sombe ya Alhamisi unayolamba mpaka mwiko, ulifikiri ndani ni nini?"

Mzee alifikiri. "Samaki mukavu."

"Samaki mukavu," Mama Léocadie akarudia, polepole, na nikasikia Pascaline akicheka ndani ya mikono yake.

Zéphirin ndiye aliyenyoosha mukono kwanza. Mama Léocadie alimfundisha kupitia kitambaa, bila kumuona: pinda, vuta, si hivyo, unasikia vile ganda linalia vibaya? Mzee alikula mumoja. Akala wa pili. Alipofika wa tatu akaniita karibu, akashusha sauti.

"Magloire. Ile bidoni niliyokupa mwaka jana."

"Baba, mvua imekwisha mapema kweli."

Alinyonya kichwa cha yule wa tatu. Mawese yalikuwa kwenye kidevu chake.

"Mapema kabisa, mukwe," alisema.

Soma tena neno lile la mwisho. Mimi nililisikia nikakaa chini mbele ya wageni, siku ambayo mukwe hakai, na hakuna aliyenikemea. Walipokuwa wanaondoka, Mama Léocadie alituma neno moja: juu ya mahari yote, anaongeza migono mitatu ya waya. Mzee akakohoa, akasema bwawa lake ni kubwa, iwe minne.

Ndoa ni tarehe 17 Agosti. Heri ataenda Salamabila bila mimi. Juu ya kiti sikuulizi tena. Kiko hapa.

Mutoto wako,
Magloire


Kasongo
30 Juni 2024

Mpendwa Mjomba,

Jambo sana, na jambo kwa Pascaline, ambaye sasa ninaweza kumsalimia kwa jina. Barua yako nilimsomea Mama mara mbili. Kwenye sombe ya Alhamisi alicheka mpaka akashika mgongo, kisha akalia kidogo juu ya kitenge cha Bibi Esther, kisha akaniambia nisome tena pale kwenye Alhamisi.

Nilimuomba mwalimu wa biolojia nafasi nyingine. Safari hii nilisimama nikiwa nimeugeukia ubao, nikawa ninamchora mnyama huku ninaeleza, miguu, mikasi, mayai chini ya mkia. Nilifika mwisho. Niligundua kwamba sauti yangu ipo, ila haipendi kuangaliwa. Wenzangu waliuliza kama analiwa. Nikajibu kwamba jamaa zangu wanamla, na nikaendelea kuchora masikio yangu yakiwa ya moto.

Jua la hapa halikuwa kali, Mjomba. Nadhani ulijua.

Ninakuja tarehe 15 Agosti. Nina ombi moja. Kiti cha Bibi kiweke nyuma ya kitenge chake, karibu na Mama Léocadie. Nitawasalimia wote kutoka hapo, na maneno yao yote nitayapokea kutoka hapo, kwa sauti ambayo mtaisikia vizuri. Mkisikia kra moja inayokawia na kulia vibaya, ni mimi. Msicheke. Yule aliye kando yangu atanisahihisha.

Chumvi ninaleta mimi.

Esther-Divine

(Kwa kalamu nyekundu:) Mimi sisomaka barua ya watu. Chumvi nitabeba mbele, kwenye tangi. Yeye abebe vitabu. Heri.